Mali ya Nani? Nembo, Kiatu na Swali la Msemaji

UTANGULIZI

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hufundishwa madarasani mwetu kana kwamba haina utata wowote. Ubora, tunaambiwa, ni shahidi wa kutosha. Kitu kinachohitaji kupigiwa mbiu bila shaka kina ila. Hata hivyo, methali hii huingia mashakani pindi tunapoielekeza kwenye kiatu cha anasa cha zama zetu. Kiatu hicho kimeshonwa na mafundi hodari, aghalabu nchini Italia, kwa ngozi iliyochaguliwa kwa makini, na bei yake hupita mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya. Kwa vigezo vya ufundi ni kizuri. Lakini kuanzia kidoleni hadi kisiginoni kimetapakazwa herufi za jina la kampuni: L na V zilizopandana, G mbili zilizoshikana, F mbili ambazo moja imesimama na nyingine imepinduliwa. Basi hapa pana kizuri kinachojitembeza, tena kwa maana zote mbili za kitenzi hicho, maana kinatembea kwa miguu ya mtu aliyekwisha kukilipia.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali la kimaadili linalozuka hapa: je, kuna kosa lolote katika kuvaa kiatu kilichojaa nembo, na kama lipo, ni la nani? Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ni la mwonyaji, ambaye huona katika kiatu hicho majivuno na israfu. La pili ni la mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi, ambaye hushikilia kuwa mwenye fedha ana haki ya kuzitumia apendavyo. Tunadai kwamba majibu haya, ingawa yanapingana, yana upungufu mmoja wa pamoja: yanamwangalia mvaaji peke yake. Kiatu kilichoandikwa ni matini. Na mbele ya matini yoyote, swali la kwanza la mhakiki si kama mwandishi ni mtu mwema, bali ni nani anayesema, anasema na nani, na anasema kuhusu nini. Tutaonyesha kwamba historia ya nembo ni historia ya kubadilishwa kwa msemaji, na kwamba uzito wa kimaadili wa suala hili unamwangukia msomaji wa alama hiyo kuliko tulivyozoea kukiri.

ALAMA KAMA KIAPO CHA FUNDI

Louis Vuitton alifungua karakana yake ya masanduku ya safari mjini Paris mnamo mwaka 1854. Masanduku yake yalisifika, na sifa ikaleta waigaji. Mwaka 1888 ulibuniwa mtindo wa miraba uliobeba maandishi ya kuthibitisha kwamba alama ile ilikuwa imesajiliwa. Waigaji hawakukoma. Louis alifariki mwaka 1892, na miaka minne baadaye, yaani 1896, mwanawe Georges akabuni mchoro wa herufi L na V zilizochanganywa na maua, mchoro ambao leo unatambulikana duniani kote. Kusudi lake la awali lilikuwa wazi: kumkinga mnunuzi dhidi ya sanduku la bandia.

Tukiitazama alama hiyo kwa macho ya semiotiki, tunaona mawasiliano yenye washiriki wanaojulikana. Msemaji ni fundi. Msemezwa ni mnunuzi. Kinachozungumziwa ni sanduku. Fundi anasema: kazi hii ni yangu, na ikivunjika njiani nilaumu mimi. Hiki ni kiapo, na ndani yake mna unyenyekevu fulani, kwani anayeweka jina lake juu ya kazi anajiweka pia mahali pa kulaumiwa. Sonara aliyegonga alama yake ndani ya bangili na mwashi aliyechora jina lake jiweni walifanya jambo hilohilo. Hakuna mwonyaji aliyewahi kuwashutumu.

Lugha yetu ina neno linalotufaa katika uchambuzi huu, nalo ni chapa. Neno hili, ambalo asili yake ni Kihindi, hutumika kwa kazi tatu. Kitabu hupigwa chapa. Bidhaa huwa na chapa ya mtengenezaji. Na ng'ombe hutiwa chapa kwa chuma cha moto ili ajulikane ni wa nani. Katika matumizi ya kwanza chapa hubeba maneno. Katika ya pili huthibitisha asili. Katika ya tatu hutangaza umiliki, na kinachotiwa chapa hakiulizwi. Tunaomba msomaji azishike maana hizi tatu, kwani kiatu tunachokizungumzia kinatangatanga baina yake.

Zingatia mahali ambapo jina la mtengenezaji hukaa katika kiatu cha kawaida. Limo ndani, juu ya soli ya ndani, mahali ambapo unyayo hulifuta baada ya miezi kadhaa. Anayelisoma ni mvaaji, na hulisoma wakati ambapo kiatu hakiko mguuni. Hapo bado tumo katika kiapo cha fundi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mambo yaligeuka. Kampuni ya Gucci, iliyoanzishwa Florence mwaka 1921, ilikuwa tayari imekipatia kiatu chake cha mwaka 1953 kipande cha chuma chenye umbo la lijamu ya farasi. Katika miaka ya 1960 herufi zake mbili zikawa nakshi iliyoenea juu ya kitambaa kizima. Nyumba ya Vuitton nayo, baada ya kumwajiri Marc Jacobs mwaka 1997, ilianza kutoa mavazi na viatu, na ule mchoro wa kulinda masanduku ukashuka miguuni mwa watu.

Jina lilipotoka ndani kwenda nje ya kiatu, msemezwa alibadilika: sasa ni mpita njia, ambaye hanunui chochote wala hana haja ya kukingwa dhidi ya bidhaa bandia. Kinachozungumziwa kilibadilika pia. Mpita njia haambiwi kwamba ngozi ni imara. Anaambiwa kwamba mwenye kiatu ni mtu wa namna fulani. Kiapo juu ya kitu kimegeuka kuwa dai juu ya mtu. Ila maneno yenyewe ni yaleyale ya fundi, na hapo ndipo penye tatizo tutakalolirejea.

KIATU NA UUNGWANA

Kabla ya kumshutumu anayejitangaza kwa kiatu, hatuna budi kukumbuka kwamba kiatu kimekuwa kikitumiwa kuwatenga watu kwa muda mrefu kuliko umri wa kampuni yoyote. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1463 iliwakataza watu walio chini ya cheo cha ubwana kuvaa viatu ambavyo ncha zake zilizidi inchi mbili. Katika Ufaransa ya Louis wa 14, visigino vyekundu vilikuwa alama ya watu wa baraza la mfalme. Na katika pwani yetu, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi yalikuwa ya muungwana. Miguu mitupu ilisomwa kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya waliokuwa watumwa ni kubadili mavazi. Walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajitanda, na waliomudu wakavaa viatu. Wapo waungwana waliolalamika kwamba watu hawa wanajivunia wasichostahili. Tunaona, basi, kwamba hotuba ya kulaani majivuno ya mavazi si hotuba safi. Imewahi kusemwa na waliokuwa navyo dhidi ya wasiokuwa navyo, na kila anayeitoa leo anapaswa kujiuliza amesimama wapi anapoitoa.

Mwaka 1899, miaka miwili tu baada ya amri ile ya Unguja, Thorstein Veblen alichapisha nchini Marekani kitabu chake mashuhuri kuhusu tabaka la wastarehe. Nadharia yake ni kwamba matajiri hutumia mali kwa kujionyesha, na kwamba ubadhirifu wenyewe ndio unaowapa heshima. Nadharia hii ina nguvu, lakini haitoshi kumweleza mwanamke wa Ng'ambo ya Unguja aliyevaa viatu kwa mara ya kwanza. Mwanamke huyu hakuwa akionyesha kwamba anaweza kupoteza mali. Alikuwa akionyesha kwamba yeye mwenyewe si mali. Kuonekana kwake kulikuwa sehemu ya haki yake.

Mwelekeo huohuo unajitokeza katika mtaa wa Harlem, New York, ambako Daniel Day, ajulikanaye kama Dapper Dan, alifungua duka mwaka 1982. Alichapa nembo za Vuitton, Gucci na Fendi juu ya ngozi na kushona makoti ambayo kampuni hizo hazikuwahi kuyawaza, kwa wateja Weusi ambao maduka ya kifahari yaliwatilia shaka mlangoni. Kampuni zilimshtaki, na duka likafungwa mwaka 1992. Mwaka 2017 Gucci ilionyesha koti lililofanana mno na koti alilolishona yeye mwaka 1989. Malalamiko yalipozuka, kampuni ikaingia naye ubia. Mwaka 2022, jozi 200 za viatu vya Vuitton na Nike vilivyobuniwa na Virgil Abloh, mbunifu mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka Ghana na aliyefariki Novemba 2021, zilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 25, na mapato yakaelekezwa kwenye mfuko wa kuwasomesha vijana Weusi. Asiyeona katika matukio haya chochote ila upuuzi wa mitindo hajayasoma.

JINA NA MALI: FUNZO LA LESO

Hata hivyo, kuna tofauti baina ya kiatu cha aliyetoka utumwani na kiatu cha nembo, na vazi linaloweza kutuonyesha tofauti hiyo ni leso, au kanga kama inavyoitwa kwingineko.

Leso ni vazi lililoandikwa. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu mfumo wa mitindo, alilichunguza vazi lililoandikwa akimaanisha vazi kama linavyoelezwa kurasani mwa magazeti ya mitindo. Mswahili hahitaji gazeti. Maandishi yamo nguoni. Tena yamo ya aina mbili. Juu ya pindo la chini, ndani ya mji, huwa pana jina, yaani ule usemi ambao kwao leso hujulikana na kununuliwa. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, huenda pakawa na alama ya mfanyabiashara. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887: K.H.E., Mali ya Abdulla.

Tuyatenge maandishi haya mawili. Jina la leso ni kauli ya mvaaji. Hakulitunga yeye, ni kweli, lakini amelichagua miongoni mwa mengi, amechagua siku ya kulivaa, na amechagua mlango wa kupita akiwa amelivaa. Jirani aliyekusudiwa hulipata ujumbe wake; na akiuliza, mvaaji anaweza kukana kwamba alikusudia lolote, kwani leso ni leso tu. Mna humo nia, hadhira, muktadha na hata kejeli. Kwa ufupi, mna usanii. Alama ya Abdulla, kwa upande wake, ni kauli ya muuzaji, nayo imekaa pembeni inapostahiki kukaa, ikisema jambo moja tu: bidhaa hii imetoka kwangu. Mswahili husoma zote mbili katika nguo moja bila kuzichanganya. Hakuna mwanamke aliyewahi kudhaniwa kuwa ni mali ya Abdulla.

Kiatu cha nembo kimeuvunja mpaka huo. Alama ya pembeni imeingia katikati na kuenea juu ya uso wote wa kiatu, na nafasi ya jina imefutika. Mvaaji anataka kusema jambo kuhusu nafsi yake, na haja hiyo, kama tulivyoona, inaweza kuwa ya haki kabisa. Lakini chombo alichopewa hakina kauli yake ndani yake. Akiwa na furaha au msiba, akitaka kumsuta jirani au kumposa binti wa watu, kiatu kinasema herufi zilezile mbili. Aliyekuwa mtumwa alivaa viatu ili kutangaza kwamba si mali ya mtu. Wa leo anavaa kiatu ambacho, tukikitafsiri kwa lugha ya leso, kimeandikwa Mali ya Fulani tangu mwanzo hadi mwisho. Hatudai kwamba mvaaji amekuwa mtumwa. Kulinganisha hivyo kungekuwa kuwadhulumu waliouonja utumwa wenyewe. Tunadai tu kwamba amekodisha kauli ya mtu mwingine, akalipa ghali, na hakubaki na mahali pa kutia yake.

BANDIA, MTUMBA NA DENI

Mara nyingi mjadala wa maadili ya nembo huishia kwenye suala la bidhaa bandia. Husemwa kwamba anayevaa kiatu cha bandia ni mwongo. Tulichunguze dai hili kwa vigezo tulivyoviweka.

Ikiwa nembo ni kiapo cha fundi kuhusu asili ya kiatu, basi nembo ya bandia ni uongo dhahiri, na mwongo mkuu ni aliyeigonga. Lakini tumeona kwamba mpita njia haisomi nembo hivyo. Huisoma kama dai kuhusu uwezo na hadhi ya mvaaji. Sasa wachukue watu watatu. Wa kwanza amevaa kiatu cha bandia, lakini ni tajiri aliyedanganywa na muuzaji. Wa pili amevaa kiatu halisi alichokiokota kwenye robota la mitumba Gikomba kwa bei ya ndala. Wa tatu amevaa kiatu halisi kutoka dukani Paris, ila amekikopea, na kodi ya nyumba haijalipwa kwa miezi mitatu. Kwa kigezo cha asili, wa kwanza peke yake ndiye mwenye uongo mguuni. Kwa kigezo cha hadhi, kiatu chake ndicho pekee kinachosema kweli; vile viwili halisi vinasema uongo. Wahenga walionya kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba hata cha halali kinaweza kuwa cha kuazima, endapo kilichonunuliwa ni hadhi ambayo mtu hana.

Nembo, kwa hiyo, haiwezi kuaminika kwa lile inalosomewa, hata ikiwa ni ya kweli kwa lile lililoiasisi. Kiashiria kimebaki kilekile, na kiashiriwa kimehama. Aliyekihamisha ni nani? Mtengenezaji amechangia, kwani anajua vyema kwamba hauzi ngozi peke yake. Mvaaji amechangia. Lakini dai kuhusu mtu haliwi dai mpaka pawepo anayelisoma na kulikubali. Mzigo unaanza kumwelekea mtazamaji.

DUKA LA PALESSI

Tukio moja la mwaka 2018 linalidhihirisha jambo hili kuliko hoja za kinadharia. Payless, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa viatu vya bei rahisi, ilifungua karibu na Los Angeles duka la muda katika jengo lililowahi kuwa duka la kifahari, ikalipa jina la Palessi, lenye mlio wa Kiitalia. Watu wenye ushawishi katika mambo ya mitindo walialikwa. Viatu vilivyouzwa kwa kawaida kwa dola 20 hadi 40 vilipandishwa bei hadi mamia ya dola, na vikanunuliwa. Wageni walisifu ngozi, wakasifu ushonaji, wakasifu ubunifu. Baadaye waliambiwa ukweli, wakarudishiwa fedha zao na kuachiwa viatu, na kila kitu kilichorekodiwa kikatumiwa katika matangazo.

Ni rahisi kuwacheka wageni wale. Tukifikiri zaidi, tunaona kwamba hawakuwa wakidanganya. Waliuona ubora waliousema, kwa kuwa jina na jengo na taa vilikuwa vimewaandaa kuuona. Nembo haikuyaziba macho yao, iliyaelekeza. Uzuri wa mkakasi, husema Waswahili, ndani kipande cha mti; lakini wageni wa Palessi walikishika kile kipande cha mti mikononi, wakakigeuzageuza, na wakakiita dhahabu. Na hadithi hii ina mwisho wenye kejeli. Kampuni ilikuwa imethibitisha mbele ya taifa kwamba viatu vyake, bila jina lake, vinaweza kuwapendeza wajuzi. Februari 2019 ilitangaza kufilisika na kuanza kuyafunga maduka yake yote ya Marekani. Kizuri hakikujiuza.

Wala haitoshi kusema kwamba dawa ni kuziondoa herufi. Katika miaka ya karibuni, hasa kuanzia 2023, umeshamiri mtindo unaosifiwa kuwa ni anasa ya kimya: viatu ghali visivyo na neno lolote juu yake. Lakini kiatu cha namna hiyo hutambuliwa na wajuzi kwa mshono, kwa umbo, au kwa namna ngozi ilivyosukwa. Soli nyekundu ya Christian Louboutin haina herufi hata moja inayoonekana kwa mbali, na imepiganiwa mahakamani Marekani na Ulaya kwa sababu inasomeka kama jina. Anasa ya kimya ni fumbo ambalo wasiojua hawajui hata kwamba limefumbwa. Angalau nembo kubwa inasomwa na kila mtu. Ukubwa wa maandishi, basi, si kipimo cha maadili.

MSOMAJI ANAPOULIZWA

Mhakiki wa fasihi atakuwa amekwisha kulikumbuka jaribio lingine. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, I. A. Richards aliwapa wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akayakusanya maoni yao, na kuyachapisha mwaka 1929. Matokeo yaliwafedhehesha wengi: shairi la John Donne lilipata wapinzani wengi kuliko watetezi, na mashairi hafifu yakapata sifa. Palessi iliongeza jina pasipostahiki. Richards aliliondoa lilipostahiki. Majaribio yote mawili yalifichua udhaifu mmoja, yaani usomaji unaotegemea chapa.

Tusijidanganye kwamba udhaifu huu umebaki Cambridge ya zamani au Los Angeles ya juzi. Katika mjadala wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanausasa wa ushairi wa Kiswahili, mara nyingi vina na mizani viligeuzwa nembo: kwa upande mmoja, kuwapo kwake kulitosha kuthibitisha ushairi, kwa upande wa pili, kulitosha kulihukumu shairi kuwa limepitwa na wakati. Katika hali zote mbili shairi lenyewe lilibaki bila kusomwa. Na leo zipo tasnifu ambazo kurasa zake zimetapakazwa majina, Bakhtin, Derrida, Foucault, Kristeva, kama herufi juu ya ngozi ya kiatu. Jina la mwananadharia linapoitwa ili litusaidie kuona jambo katika matini, ni kiapo cha fundi: linatueleza hoja imetoka wapi na nani wa kulaumiwa ikishindwa. Linapoitwa ili mtahini amwone mwandishi kuwa mtu wa hadhi, ni nembo iliyohamia nje. Mwandishi wa namna hiyo anamkosea nani? Anajikosea mwenyewe kwanza, kwa kuwa nafasi ambayo angetia kauli yake imejaa. Lakini mtahini anayehesabu majina na kuridhika ndiye aliyemfundisha kufanya hivyo.

Hapa ndipo pana uzito halisi wa swali letu. Mwanafunzi anayeingia ukumbini huku miguu yake ikisomwa kabla ya mdomo wake kusikizwa, amedhulumiwa, awe amevaa nembo au akala za tairi. Akipewa heshima asiyoistahili kwa sababu ya herufi, dhuluma imemwendea mwenziwe aliyenyimwa. Dhuluma hii haitendwi na kiatu wala na mvaaji. Inatendwa na jicho, na jicho hilo ni letu.

Fasihi yetu ilikwisha kutuonyesha namna ya kulikabili jambo hili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaangalia magofu ya Pate mwanzoni mwa karne ya 19: majumba, vidaka vya ukutani, vyombo vya thamani vilivyokwisha. Angeweza kuwashutumu matajiri waliopita, na nani angempinga? Badala yake mshairi anausemeza moyo wake mwenyewe. Anayeonywa ni yule anayetazama. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, nao haukatazi pambo. Unampa binti mawaidha ya jinsi ya kujipamba na kwa ajili ya nani. Kati ya tendi hizi mbili tunapata msimamo ambao si wa mwonyaji wala wa mtetezi wa soko: pambo halina hatia, mradi mtu ajue anamsemesha nani, na swali la ubatili huulizwa moyoni mwa mtazamaji kabla ya kuulizwa mlangoni mwa jirani.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba nembo ilianza kama kiapo cha fundi kuhusu kazi yake, ikageuka kuwa dai la mvaaji kuhusu nafsi yake, bila maneno yenyewe kubadilika. Haja ya kuonekana si kosa. Kwa walionyimwa viatu ilikuwa haki. Upungufu wa kiatu cha nembo ni kwamba kinaitumikia haja hiyo kwa kauli isiyo ya mvaaji, tofauti na leso, ambayo humwachia mwenye kuivaa jina lake na kumwekea mfanyabiashara pembe yake. Na upungufu huo hauwezi kuleta madhara pasipo msomaji anayekubali kumsoma mtu kwa chapa.

Haifuati kwamba majina yote ni ya kutupwa. Wanafunzi wa Richards walipopokonywa majina hawakugeuka wasomaji bora papo hapo, walitapatapa. Alama ya fundi ina kazi yake, na asiyeijali kabisa hujitia mikononi mwa walaghai. Kinachotakiwa ni kuirudisha pembeni, iwe ushahidi mmoja miongoni mwa mwingine, na kuuacha mji wa nguo wazi kwa maneno ya mwenye nguo. Kwa idara inayofundisha kusoma, hilo si jambo la mitindo. Ni sehemu ya mtaala, na mahali pa kulianzia ni katika tasnifu zinazosubiri kusahihishwa juu ya meza zetu.